Kindi na Sugu za Mwenyekiti

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa fomu tatu na muhuri mmoja. Na muhuri anao nani?

Mwenyekiti!

Haya, basi kaeni sawa.

Hapo kale, yaani juzijuzi tu, serikali ya wanyama ilijaa huruma. Ikasema kila mkulima apewe ruzuku: mbegu, mbolea na pesa kidogo za palizi. Kazi ya kuandika majina ikapewa Kiboko, mwenyekiti wa wakulima, kwa kuwa alikuwa na tumbo la kutosha kubeba mzigo wa wananchi.

Kiboko akaandika. Shamba la Kobe, mwenyewe akaandika "Kiboko". Shamba la Kanga, akaandika "Kiboko". Shamba la Kindi, mjane mwenye watoto watano, akaandika "Kiboko". Chini ya kila fomu palikuwa na maneno: "Naapa nalima shamba hili kwa mikono yangu." Akatia sahihi bila kusoma. Kiongozi ana shughuli nyingi, jamani.

Kindi akaenda kuuliza. "Mheshimiwa, na mimi je?"

"Pole, Mama. Mtandao umekataa jina lako."

Kindi akarudi nyumbani roho ikimuuma. Magugu yalikuwa yameyameza mahindi yake, na mikono yake ndiyo hiyo midogo. Asipopalilia, watoto wangelala njaa mwaka mzima. Akalia. Kisha akafuta machozi, akarudi mbio kwa Kiboko, tipi tipi tipi!

"Mheshimiwa, mkaguzi anakuja! Anapita shamba kwa shamba na zile fomu zako. Anakagua sugu!"

"Sugu gani?"

"Za mikononi! Si uliapa unalima mwenyewe? Mkono laini, jela."

Kiboko akatazama viganja vyake. Vilikuwa laini kama maandazi.

"Anakuja lini?"

"Akisema lini, huyo ni mkaguzi au mgeni wa harusi?"

Kiboko akashika jembe. Kwa Kobe, puu! puu! Kwa Kanga, puu! puu! Kwa Kindi, puu! puu! Jua likamchoma mgongo, akahema, hoo! hoo! Mbolea aliyoificha stoo akaimwaga shambani yote, asije akaulizwa iko wapi. Wenye mashamba wakakaa kivulini wakimpa pole. Kindi alimpa pole nyingi kuliko wote.

Mahindi yakakomaa. Kiboko akaja na magunia. "Nimelima mimi, navuna mimi!"

Mara gari la serikali likatokea barabarani na vumbi lake.

"Gari la nani lile?" akauliza Kiboko.

Kindi hakulijua hata kidogo. "La mkaguzi! Leo anawatafuta waliovuna sana. Ruzuku ni ya maskini, Mheshimiwa. Mwenye mavuno mengi anairudisha yote."

Na pesa za ruzuku Kiboko alikwisha kuzila zote.

"Mashamba si yangu!" akanguruma. "Hata moja! Wenyewe hawa hapa!" Akatupa magunia, akakimbilia mtoni, chubwi!

Kindi akayaokota magunia, akavuna mpaka hindi la mwisho. Garini alikuwemo ofisa aliyepotea njia. Hakushuka. Alichungulia dirishani, akaandika: "Ruzuku imewafikia wakulima wote. Mpango umefaulu."

Funzo, wanangu: uongo ni mbaya sana, tena haulipi. Na waheshimuni viongozi wenu, maana hakuna anayewatumikia wananchi kwa jasho lake kama wao.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeipenda ampelekee jirani. Asiyeipenda akalalamike kwa mwenyekiti.