Kigoda cha Mchomaji Vyungu

Wasikilizaji wangu, wakubwa kwa wadogo, leo nawaletea kesi, nanyi ndio mahakimu. Kaeni vizuri, kwa maana mimi mwenyewe imenishinda.

Palikuwa na wanafunzi watatu wa anthropolojia, elimu ya kuwasoma wanadamu kwa kuishi nao na kuzizingatia desturi zao. Kokushubila alijaliwa subira: aliweza kushinda na mtu kutwa nzima asimwulize swali hata moja, na mtu yule akaishia kumweleza yote. Zamoyoni alijaliwa sikio: alichokisikia mara moja hakikumtoka, hata kikiwa katika lugha asiyoijua. Mbonea alijaliwa jicho la kuunganisha mambo, na wenzake walimtania kwamba hata akipewa chai huitafuta maana kabla ya kuinywa.

Chuo kikiwa kimewataka waende uwandani, walipanda hadi Kilingeni, kitongoji cha wafinyanzi huko milimani Upareni. Walimkuta mfinyanzi mmoja tu amebaki, Bibi Navoneiwa, ameketi katikati ya vigae.

"Mmechelewa, wajukuu zangu," akawaambia. "Mmekuja kusoma vyungu, na mimi siku hizi natengeneza vigae."

Kisha akawaeleza. Desturi ya Kilingeni iliugawa ufinyanzi mikono miwili. Aliyekifinyanga chungu hakuruhusiwa kukitazama kikichomwa, kama vile mama asivyotazama mwanawe akitahiriwa. Yeye alifinyanga, dada yake, Nanzia, alichoma, ameketi kigodani mbele ya moto, akiimba. Navoneiwa alimkabidhi vyungu kivulini, akausikia wimbo ukianza, akageuza mgongo na kuondoka. Ubeti wa kwanza aliujua. Uliofuata hakuwahi kuusikia. Nanzia alifariki ghafla, na tangu hapo kila chungu kilichotiwa motoni na jirani yeyote kilipasuka.

"Nikifa hivi," alisema Bibi, "nitakuwa nimeufukia ufundi wa mlima mzima."

Basi wale watatu wakaweka kando maswali waliyotoka nayo chuoni, wakaazimia kuutafuta wimbo ule.

Kokushubila alikwenda kwa Namsifu, mkwe wa marehemu, ambaye jiko lake lilipakana na uwanja wa moto. Namsifu na Bibi Navoneiwa walikuwa wamegombana matangani na hawakusalimiana tena. Kokushubila hakutaja wimbo. Alimenya naye ndizi, akachota naye maji, akamsikiliza akimlalamikia kila mtu wa Kilingeni, mpaka siku moja Namsifu akacheka.

"Wewe binti una kasoro gani? Wenzako wanaokuja na miwani huuliza mpaka idadi ya kuku!"

"Kuku wenyewe nawaona, mama."

"Haya. Najua unachokitaka. Mlete na mwenzako anayependa kuimba. Lakini nitaimba mara moja tu, na msinitolee hizo simu zenu. Ile ni sauti ya mama mkwe wangu. Sitaki ifungiwe ndani ya kopo."

Zamoyoni alikwenda, mikono mitupu. Hakuijua lugha ya mlimani hata neno la kuombea chumvi. Namsifu akaimba, akalia, akaingia ndani na kufunga mlango. Zamoyoni alirudi njia nzima hasemi na mtu, kama aliyebeba mtungi uliojaa hadi mdomoni. Alipofika kwa Bibi aliuimba wimbo wote, na mikwaruzo ya koo la marehemu ikiwemo. Bibi Navoneiwa alishika ukuta. "Nanzia," akasema. "Nanzia, umetoka wapi?" Kwa Kiswahili, wimbo ule ungesikika hivi:

*Ewe mwana wa bondeni, usikimbilie moto,*
*Lala kwanza kivulini, ukajifunze fukuto.*

*Piga magoti jikoni, mdomo chini kwa joto,*
*Usitoke asilani, hadi ukome utoto.*

Bibi alifurahi, lakini hakuona msaada. "Hayo ni mapambo tu," alisema. "Mtu akikaa na moto peke yake, huutungia maneno matamu."

Wakajaribu kuchoma huku wakiuimba, na chungu kikapasuka vilevile. Mbonea hakuridhika. Aliviomba vyungu vya zamani, vile alivyovichoma Nanzia, akavipindua kimoja kimoja na kuingiza vidole ndani ya shingo. Vyote vilikuwa na masizi ndani ya mdomo, kama pete nyeusi. Vigae vya majuzi havikuwa nayo.

"Bibi, dada yako hakuwa akipamba," akasema. "Alikuwa akiitaja kazi yake hatua kwa hatua. Kabla ya moto mkubwa alikiinamisha chungu juu ya makaa, mdomo chini, maji yaliyobaki yakatoka polepole. Sisi tumekuwa tukikitia motoni kingali kibichi tumboni."

Wakafanya hivyo, Bibi akiwa amegeuza mgongo. Moto ulipopoa, Zamoyoni alikigonga chungu kwa ukucha, nacho kikalia kama kengele. Namsifu alichungulia juu ya ua, na Bibi akamwita kwa jina.

Ndipo lilipokuja la kuamua. Kigoda cha mchomaji hukaliwa na mtu mmoja tu; huyo huhesabiwa ndugu wa mfinyanzi, hufundishwa yote, naye ndiye atakayeamua nani afundishwe baada yake.

"Mpe Mbonea," alisema Kokushubila kwa heshima.

"Mimi mwanamume, dada," alisema Mbonea.

"Moto haujawahi kuuliza nani amevaa kanga na nani suruali," Bibi akamkata. "Na acheni adabu za chuo. Nani anakitaka?"

Wote watatu wakakitaka.

"Bila mimi mlango usingefunguliwa," alisema Kokushubila. "Na moto ni subira tupu."

"Mlango ulifunguliwa mara moja, ukafungwa," alisema Zamoyoni. "Bila mimi wimbo ungebaki ndani. Bibi, uliponisikia ulimwita nani?"

"Mlikuwa na wimbo na vyungu vikaendelea kupasuka," alisema Mbonea. "Mwimbaji asiyejua anachokiimba atakaaje na moto?"

Bibi Navoneiwa alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mnagombana kama mimi na Nanzia. Basi mmeshakuwa wa nyumba hii. Lakini siwezi kukipasua kigoda."

Kivulini kilikuwepo chungu kingine, kimekauka, kinangoja. Alikiinua, akakiweka mbele ya jiko, akageuza mgongo kama desturi ilivyomtaka. Kigoda kilikuwa kitupu nyuma yake. Akavuta pumzi ili ataje jina moja.

Mahakimu wangu, mmoja aliupata wimbo, mmoja akaubeba, mmoja akauelewa. Na angekosekana hata mmoja wao, Bibi angekufa kati ya vigae. Nambieni basi, na kila mtu atoe sababu yake: kama kinywa kile kingekuwa chako, ungemtaja nani?