Saa ya Nyati Isiyojua Kuogelea

Wewe uliyekaa hapo mbele, hebu niambie: ukiwa na kiu, unatazama mtungi au unatazama saa?

Usicheke. Wapo waliotazama saa. Ilikuwa hapo zamani, kale ya kale, wakati wanyama walijenga nyumba, wakaoana, wakagombana na majirani kwa ajili ya moshi wa jikoni, na mchana wenyewe ulikuwa bado mchanga, haujazoea vizuri njia ya kwenda machweo. Katikati ya nyika kulikuwa na bwawa. Maji yake yalitulia tuli, hata mawingu yakipita juu yalijiona humo, yakasimama kidogo kujiweka sawa, kisha yakaendelea na safari.

Bwawa lilikuwa na sheria yake. Alfajiri mpaka saa tatu, wanyama wakubwa. Saa tatu mpaka saa sita, wadogo. Baada ya hapo wakubwa tena, mpaka jua litue. Mwanzoni zamu zilipimwa kwa kivuli cha jiwe, na hakuna aliyewahi kugombana na kivuli. Kisha Nyati akapata saa, na zamu zikaanza kupimwa kwayo.

Haikuwa saa hivi hivi. Ilikuwa saa ya wazamiaji, wale wanaoshuka chini kabisa baharini, ambako samaki hutembea na taa zao. Korongo, mfanyabiashara wa ng'ambo, ndiye aliyeileta, na Nyati akampa konde zima la nyasi kwa ajili yake, lile la bondeni ambalo umande wake haukauki mpaka adhuhuri. Mkewe hakusema naye kwa muda mrefu. Nyati hakugundua. Alikuwa akiitazama saa.

Wala hakuivaa. Kila kukicha aliileta bwawani juu ya mto wa mahameli, akauweka juu ya jiwe lililo ukingoni, na wapenzi wenzake wa saa wakaja kuizunguka, miguu majini. Walikuwa wawili: Bi Tembo, aliyejua thamani ya kila kitu kizuri na hakumficha mtu kwamba anajua, na Mzee Kifaru, ambaye macho yake hayakuona mbali wala karibu, lakini hilo halikumzuia kuwa na maoni.

"Tazama rangi ya uso wake," alisema Bi Tembo asubuhi moja, akiinamisha kichwa. "Si buluu, si nyeusi. Ni rangi ya maji yanayowaza."

"Zile za zamani zilikuwa bora," alisema Kifaru. "Hizi zinang'aa mno."

"Unaiona, Mzee?"

"Sina haja ya kuiona. Nazijua zilivyo."

Nyati akazungusha pete ya pembeni kwa ncha ya ukwato, taratibu. Krr, krr, krr. "Isikieni hiyo. Mzamiaji huizungusha kabla ya kushuka, ili ajue amebakiwa na pumzi kiasi gani. Na haina betri. Hujijaza kwa mwendo wa yule anayeivaa. Inahimili mita mia tatu za maji."

"Bwawa letu linakufika wapi?" aliuliza Kifaru.

"Magotini."

"Hm," alisema Kifaru.

"Mzee, habari si kuzama," alisema Bi Tembo kwa upole wa mtu anayemfafanulia mgonjwa. "Habari ni kujua kwamba ungetaka, ungeweza."

Hapo kila mmoja wa wale watatu alijiona akishuka: maji ya buluu yakifuatwa na maji ya kiza, mwili mkubwa ukiwa hauna uzito, unapepea kama unyoya, na mkononi nuru ndogo ya kijani ikihesabu pumzi zake. Ukiwa mzito kama wao, kuota kwamba unaelea si jambo dogo. Kwa hilo siwacheki.

"Ila konde lile," alisema Kifaru, "lilikuwa konde."

"Nyasi humea, nyasi hukauka," alijibu Nyati. "Saa hii nitamrithisha mwanangu."

"Na hapo katikati mwanao atakula nini?"

Basi wakaanza upya. Wakabishana kuhusu mkanda, kama wa ngozi unafaa kitu kinachozamishwa. Wakabishana kama kioo kilichobinuka kina heshima kuliko kilicho bapa. Mabishano yao yalikuwa ya kivivu, matamu, yakienda na kurudi kama mtu anayebembeleza mtoto.

Ng'ambo ya pili ya bwawa kulikuwa na foleni. Kanga na vidumu vyake, Digidigi na ndoo, Kobe aliyetoka kwake jana ili awahi leo. Mbele yao wote alisimama Nguchiro, mwembamba, mwepesi, mwanawe yuko mgongoni kwenye mbeleko. Mtoto alikuwa na homa tangu usiku, na midomo yake ilikuwa imekauka kama ganda la karanga. Nyumbani mtungi ulikuwa mtupu. Mganga alikuwa amesema neno moja tu: maji.

"Mama," alinong'ona mtoto, "saa tatu ni kitu gani?"

"Ni jina la maji, mwanangu."

Jua likapanda. Nguchiro akazunguka ukingo mpaka kwenye jiwe.

"Shikamooni."

"Marahaba," walijibu bila kugeuka.

"Naulizia saa."

Bi Tembo akasogeza jicho. "Saa tatu kasoro dakika tano. Bado kidogo tu, mdogo wangu."

Akarudi foleni. Jua likazidi kupanda. Vivuli vikajikunja, vikaingia chini ya miguu ya wenyewe kama vifaranga. Vipepeo wakatua juu ya maji wakasinzia. Nguchiro akaja tena.

"Saa tatu kasoro dakika tano," alisema Bi Tembo.

Mara hii Nguchiro hakurudi. Aliinama, akaweka sikio karibu na kioo. Kimya. Mshale mwembamba, ule unaopaswa kukimbia, ulikuwa umelala.

"Jamani wakubwa, saa hii imesimama."

Nyati akatazama mafunjo yaliyo mbali, kama aliyeitwa na mtu.

"Saa za bei rahisi ndizo husimama," alisema Bi Tembo. "Hii haiwezi. Jua ndilo lililowahi."

"Siku hizi jua lina pupa," alisema Kifaru. "Zamani halikuwa hivi."

"Nisikilizeni, mtoto wangu ana..."

"Nguchiro, wewe unajua nini habari za saa? Hata huo mkono wa kuivalia unao?" alisema Bi Tembo.

Wakacheka, kwa ukarimu, kama wanavyocheka watu walioshiba. Nguchiro akawatazama mmoja mmoja. Akaona kwamba ukweli umegonga mlango na hakuna aliyeinuka kuufungulia. Basi akapita dirishani.

"Nisameheni," alisema, akiinamisha kichwa. "Mimi ni mtu wa shimoni, nitajuaje? Ila kuna maneno nimeyasikia pale foleni, nikaona aibu kwa niaba yenu."

"Maneno gani?" aliuliza Bi Tembo.

"Ni upuuzi tu, Bi. Tuyaache."

"Yaseme."

"Wanasema ni saa ya kuzamia isiyojua kuogelea."

Hata vipepeo waliamka.

"Nani kasema hivyo?" aliuliza Bi Tembo.

"Foleni nzima. Nikawaambia, Bwana Nyati akitaka, hata sasa hivi anaitia majini. Wakacheka. Kobe alicheka mpaka akaingia ndani akajifungia."

Bi Tembo akamgeukia Nyati. "Itie."

"Leo?"

"Mita mia tatu, Nyati. Na maji yenyewe ni ya magotini."

"Yana tope."

"Kwani bahari haina tope?" aliuliza Kifaru, ambaye kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anafurahi.

"Nina kifua. Tangu juzi nakohoa." Nyati akakohoa kidogo ili waamini. "Basi shuka nayo wewe, Bi."

"Mimi sizamishi masikio," alisema Bi Tembo haraka.

"Ningekuwa kijana," alisema Kifaru, na sentensi yake ikaishia hapo.

Nguchiro akangoja mpaka aibu ikaiva. Kisha akasema, "Kama mtanituma, mimi nitashuka nayo. Mkiniruhusu lakini, maana saa tatu haijafika, na sitaki kuvunja sheria."

Hakuna aliyeweza kukataa bila kusema kwa nini anakataa. Nguchiro akamweka mtoto wake mikononi mwa Kanga, akarudi, akaivaa ile saa kiunoni kama mshipi. Ilimtosha barabara.

"Mzamiaji hupasha mwili kwanza," alisema. Akalizunguka jiwe mbio. Akaruka. Akabiringika, akatikisa kiuno kama bibi harusi aliyesikia ngoma. Na pale, juu ya tumbo lake, kitu kikashtuka usingizini. Tk. Tk. Tk tk tk tk. Bi Tembo alikuwa akicheka, hakuona. Kifaru hakuona kwa sababu zake. Nyati aliona mshale ukitembea, na akafumba macho.

Chubwi.

Chini kule palikuwa na ulimwengu mwingine. Sauti zote zilikatika. Mwanga ulishuka wa kijani, mwororo, ukivunjika na kujiunga, na miguu ya wakubwa ilisimama kama nguzo za jumba lisilo na paa. Saa iling'aa tumboni mwake kama mwezi mdogo uliopotea njia. Ilikuwa nzuri. Nguchiro hakuwa mtu wa kubisha jambo la kweli: ilikuwa nzuri sana, na huko ndiko kwao. Aliogelea akizunguka, akachomoza kimya nyuma ya mafunjo kuvuta pumzi, akashuka tena, akazunguka tena, na mshale ukaenda naye, hatua kwa hatua, mpaka ulipokaa pale alipotaka.

Akaibuka mbele yao, maji yakimchuruzika.

"Wakubwa, heshima yenu. Halikuingia hata tone. Na sasa ni saa tatu kamili."

Ng'ambo ya pili ndoo ziligongana. Kanga alikuwa wa kwanza majini, mtoto wa Nguchiro kifuani, na alimmiminia kidogo kidogo kinywani, kisha kichwani. Mtoto alikunywa macho yake yakiwa yamefumbwa. Alikunywa kama anayesikiliza. Mama yake alisimama kando, akihesabu kila funda.

Sasa sikilizeni hesabu ya wenye akili. Jua lilikuwa utosini. Kwa jua, zamu ya wakubwa ilikuwa imerudi. Lakini kwa saa ilikuwa saa tatu, na sheria ilikuwa ya saa. Wakubwa wakatoka majini.

"Ngoja niivae mpaka zamu yetu iishe," alisema Nguchiro. "Nisije nikaiweka chini ikasimama. Ingawa saa kama hii haisimami."

"Haisimami," alisema Bi Tembo, kwa sauti ndogo.

Wakakaa chini ya mgunga usio na kivuli. Mchana ukawa mrefu, mweupe, unayumbayumba kwa joto. Nzi wakaja, nzzz, nzzz. Tope likakauka mgongoni mwa Kifaru, likapasuka, paku, paku, vipande vikaanguka. Mbele yao maji yalimetameta, na wadogo walioga ndani yake kama watu wa kwenye ndoto ya mtu mwingine.

"Saa ngapi?" aliuliza Bi Tembo.

"Saa nne u nusu, Bi. Asubuhi bado mbichi."

"Asubuhi hii inanichoma shavu la kushoto," alisema Kifaru. "Asubuhi nyingine zote hunichoma la kulia."

Bi Tembo akajipepea kwa masikio. Sentensi moja tu ingewarudisha majini, na kila mmoja aliijua. Lakini Bi Tembo akiisema, ataulizwa kwa nini amekuwa akisoma saa iliyokufa asubuhi nzima. Kifaru akiisema, ataulizwa aliona nini. Basi wakakaa na kiu yao, wakaipa heshima zote.

Nguchiro akaja na ndoo iliyojaa mpaka mdomoni. Akaiweka chini mbele yao, mbali kidogo kuliko urefu wa mkonga.

"Sheria ni sheria," alisema. "Ila homa ya mwanangu imeshuka, amelala. Kwa hiyo nina nafasi. Kama yupo mwenye neno kuhusu saa hii, namsikiliza."

Alikuwa akimtazama Nyati peke yake. Upepo ukapita juu ya ndoo, ukakunja uso wa maji, ukauacha.

Fundisho nalisema hapa, maana mbele yake kuna maneno ya Nyati na sitaki kuyafunika: majivuno ya aliyeshiba hulipwa na mwenye kiu.

Nyati aliinamisha pembe zake mpaka zikagusa vumbi.

"Ilisimama," alisema. "Siivai. Naogopa kuikwaruza, na isipovaliwa inakufa. Leo asubuhi niliuona mshale ukisita, ukasimama. Ningeitikisa mara moja tu ingeamka."

"Mbona hukuitikisa?" aliuliza Bi Tembo.

"Mngeniona nikiitikisa."

"Kwa hiyo ulijua," alisema Nguchiro. "Muda wote ule."

"Nilijua. Na mimi macho yangu ni mazima, Nguchiro. Nilimwona mwanao akinyonya pindo la mbeleko, anatafuta unyevu wa jasho lako. Nilimwona, nikanyamaza."