Wageni wa Fisi Wapigwa Picha

Mwaka mmoja mvua ilisahau njia ya kuja mbuga ya Miswaki. Mito ikakauka, likabaki bwawa moja tu, la Simba. Naye Simba akatoa amri: "Kila mtu atakunywa hapa. Lakini atakayemkamata jirani yake hatagusa tone mpaka mvua inyeshe!"

Fisi aliisikia amri hiyo kwa sikio moja. Wiki haikupita, akawanasa Kanga, Korongo na Kasuku, akawafungia katika tundu la fito nyuma ya nyumba yake. Ndege wakakosekana bwawani, minong'ono kwamba wako kwa Fisi ikamfikia Simba.

"Ni wageni wangu, Mfalme," Fisi aliapa. "Wanajipumzikia tu, wala sijawafunga."

Wanyama wakamwomba Simba aende akajionee. Simba akatikisa kichwa kwa madaha. "Mimi? Niende uani kwa Fisi? Mfalme haendi panaponuka mifupa. Niletewe picha yao kesho. Nikiwaona wako huru, maneno yamekwisha."

Fisi akakimbia mbio kwa Sungura, aliyekuwa ameokota kamera kwenye kambi ya watalii, ile inayotema picha papo hapo.

"Bwana mdogo, nipigie picha ya wageni wangu. Ufito mmoja ukionekana, nakula wewe kabla yao!"

Sungura aliipangusa kamera vumbi. Alijua kwamba picha ile ikimridhisha Simba, ndege wale hawataiona jioni. Alijua pia kwamba akikataa, yeye mwenyewe hataifikia jioni hiyo.

"Hapana shida, mjomba," alisema. "Ila nitakuja jua likichomoza. Picha nzuri hupigwa asubuhi."

Kulipokucha, Sungura alisimama mbele ya tundu, akalipa jua mgongo. Akaisogeza kamera mpaka jicho lake likapenya kati ya fito mbili. "Chungulia, mjomba! Fito ziko wapi?"

Fisi akachungulia. "Zimeyeyuka! Hi hi hiii!"

Ndani ya tundu ilikuwa vurugu tupu. Korongo alitaka ushungi wake uonekane wote. Kasuku alipiga kelele, "Nipige upande wa kushoto! Wa kulia nimenyonyoka!" Sungura aliuma midomo asicheke.

"Mwanangu," Kanga akanong'ona, "vivuli vya fito vinatuangukia vifuani. Tusogee nyuma kidogo?"

"Mama Kanga, nakuomba, usisogee hata unyoya."

Kacha! Kamera ikatema picha. Sungura akamkabidhi Fisi. "Ikague vizuri, mjomba."

Fisi akaikagua. Akaona paja la Kanga. Akaona kidari cha Korongo. Mate yakadondoka juu ya picha, akayafuta kwa kiganja. "Safi kabisa! Wamenona!"

Bwawani wanyama wote walikuwa wamekusanyika. Simba akaishika picha, akaitazama kwa muda mrefu.

"Fisi, tundu silioni."

"Halipo, Mfalme!"

"Ila Kanga ninayemjua ana madoadoa. Huyu mbona ana milia?"

Fisi akakodoa macho. "Milia? Eh... bibi yake aliolewa na Punda Milia."

Punda Milia, aliyekuwa akinywa, akapaliwa na maji. "Kwetu? Lini?"

"Na Korongo je?" Simba aliuliza.

"Naye... bibi yake pia. Harusi zilikuwa siku moja, Mfalme."

"Na Kasuku?"

"Huyo, Mfalme... bibi yake alikwenda kupiga ngoma, akaozwa huko huko!"

Wanyama wakaangua kicheko, Kiboko akakaa kitako matopeni akilia machozi. Simba hakucheka. Aliinua mkono juani, akatoa makucha. Vivuli vyembamba vikaanguka juu ya picha, sawasawa na ile milia.

"Hivi ni vivuli vya fito!" akanguruma. "Ulidhani mfalme wako ni kipofu?"

Sungura hakungoja kusikia zaidi. Alitimka hadi uani kwa Fisi, akazitafuna kamba za tundu mpaka meno yakamuuma. Mlango ukaanguka, na ndege watatu wakaruka hadi bwawani kwa makelele, wakanywa mpaka wakayumba.

Fisi akafukuzwa bwawani. Tangu siku ile hadi mvua iliponyesha, alilamba umande wa alfajiri kwenye majani makavu, na kila aliyempita alimsalimia, "Hujambo, mshenga wa Punda Milia!"

Njia ya mwongo ni fupi.