Mwalimu wa Watoto wa Kati na Orodha ya Wagonjwa

Kaeni vizuri, ndugu zangu. Na nyinyi mlioshika simu, zilazeni kidogo, hazitakimbia. Nataka kuwapa mfano. Mfano huu una majina, lakini majina nimeyabuni mwenyewe, kwa hiyo mtu asianze kugeuza shingo akitafuta ni nani aliyesemwa.

Huko milimani palikuwa na usharika wenye kengele kubwa na vipaza sauti vikubwa zaidi, vimefungwa juu ya paa vikielekea migombani, ili hata aliyebaki nyumbani asije akasema hakulisikia neno. Katika usharika huo mama mmoja, Mwalimu Aikande, alifundisha watoto wa kati. Watoto wa kati mnawajua? Ni hawa wenye miaka kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Ukiwaambia waimbe na wadogo huku wakitikisa vidole, wanaona haya. Ukiwapeleka kwa vijana, wanafukuzwa. Kipaimara bado. Basi wanajibanza kule nyuma karibu na mlango, nasi tunawakumbuka pale tu wanapopiga kelele.

Aikande alikuwa na fahari, wala simlaumu. Kwa miaka kumi na minne watoto wake walisimama mbele siku ya Mikaeli na Watoto, ile Jumapili moja ya mwaka ambayo watoto ndio wanaoongoza ibada nzima na sisi wakubwa tunakaa kimya. Katika miaka yote hiyo hakuna mtoto wake aliyekosea neno. Si liturujia, si shairi, si matangazo. Kina mama walipiga vigelegele, naye alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara kana kwamba magari hayapo.

Tatizo ni kwamba watoto wenyewe walikuwa wanapungua. Walianza thelathini, wakawa kumi na tisa, sasa wamebaki tisa. Waliingia kwa mlango wa mbele, wakatokea wa nyuma, na mahubiri yakianza wao wapo kiwanja cha shule wanacheza rede. Mwenyekiti wa kamati ya elimu ya Kikristo akamwita Aikande ofisini. Alikuwa mtu mpole, na maneno aliyasema kwa upole: kamati imeona watoto tisa si darasa. Tutaangalia Mikaeli ya mwaka huu. Mambo yakienda sawasawa, darasa litabaki. Yakiharibika, watoto wataunganishwa na wadogo chini ya mwalimu mwingine, na yeye atapumzishwa kwa shukrani.

Kwa shukrani. Aikande akaaga, akatoka. Darasa lile lilikuwa ndiyo furaha yake. Mumewe alikuwa akimtania kwamba siku za kuzaliwa za watoto wa watu anazijua zote, yake mwenyewe anakumbushwa.

Akaanza kuhangaika. Akaleta biskuti. Watoto walikuja wengi Jumapili hiyo, wakala, wakajifuta midomo, wakaondoka. Kisha ikatokea semina ya siku moja ya walimu wa watoto, naye akaenda na daftari jipya. Aliandika kila alichosikia: michezo kabla ya somo, vikundi vidogo vya watoto wanne wanne, kasanduku ambamo mtoto anatumbukiza swali bila kuandika jina lake. Mwisho kabisa mkufunzi, dada mmoja mwembamba mwenye sauti nzito, akawaambia kwamba mtoto wa umri huu hataki kuburudishwa, anataka kuhitajika. Mpeni kazi ya kweli, akasema, kazi ambayo asipoifanya kuna mtu atakosa kitu. Aikande akaandika hilo nalo, akalipigia mstari. Halafu njiani akiwa anarudi akajiambia, kazi ya kweli waifanye hawa? Waniaibishe? Ile michezo ikachezwa, vikundi vikaundwa, kasanduku kakawekwa. Kazi ya kweli ikabaki kwenye daftari.

Sasa sikilizeni. Usharika ule ulikuwa na desturi, na msicheke, maana hata sisi tunayo. Kila Jumapili katibu alisoma matangazo, na ndani ya matangazo ilikuwamo orodha ya wagonjwa wa kuombewa. Majina kumi na moja. Orodha ilipigwa chapa mara moja, na kila wiki katibu alibadilisha tarehe tu pale juu. Mgonjwa mpya aliongezwa chini. Kufutwa hakufutwi mtu, maana nani atathubutu kumfuta mtu kwenye maombi? Majina yalisomwa, kanisa zima likaitikia amina, katibu akaendelea na tangazo la kwaya.

Jumapili moja Aikande akafungua kasanduku, akakuta karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: Hawa wagonjwa tunaowaombea, nani huwa anakwenda kuwaona? Mwandiko aliujua. Ulikuwa wa Ndeshi, binti wa miaka kumi na mmoja, mwenye mdomo mwepesi na magoti yasiyokosa mchubuko. Aikande akajibu kwamba wanaokwenda ni wazee wa kanisa. Ndeshi akauliza, mzee yupi? Darasa likacheka, na Aikande akasema mambo ya wagonjwa tutayazungumza baada ya Mikaeli, sasa hivi tuna shairi la kukariri.

Wiki zilizofuata watoto walichelewa mazoezi. Walifika wakihema, miguu ina tope la mfereji, wananong'onezana. Aikande aliwagombeza, akawasimamisha kwenye mstari, akawarudisha mwanzo wa shairi. Ndeshi alikuwa amepangiwa kusoma matangazo. Jumamosi ya mwisho, baada ya mazoezi, alibaki nyuma na karatasi aliyopewa na katibu.

"Mwalimu, humu kwenye majina kuna kitu nataka kukwambia."

"Wewe soma kilichoandikwa, mwanangu. Neno kwa neno. Ukikosea kesho hatuna tena darasa, unanielewa?"

Ndeshi akaangalia chini, akasema ameelewa. Hivi ni mara ngapi, ndugu zangu, mtoto amekuja na kitu mkononi, sisi tukamwambia asimame vizuri kwenye mstari?

Jumapili ikafika. Kanisa lilijaa, na mwenyekiti alikaa benchi la mbele na daftari gotini. Wale tisa walikuwa wamependeza, mashati yamepigwa pasi hadi yanakwaruza. Liturujia ikaenda bila doa. Shairi likaenda, vigelegele vikapigwa, na Aikande, aliyekaa pembeni karibu na meza ya kusomea, alihisi moyo unamtulia. Bado matangazo tu. Ndeshi akapanda kibao alichowekewa ili afikie kipaza sauti. Akasoma zamu ya usafi, akasoma mazoezi ya kwaya, akasema, tuwaombee wagonjwa wetu.

Aikande orodha ile aliijua kwa moyo, na midomo yake ilikwenda pamoja na ya mtoto. Jina la kwanza. Jina la pili. Jina la tatu lilikuwa Mzee Aminieli, aliyeteleza mferejini akavunjika mguu. Ndeshi akatoka la pili akaenda la nne.

Aikande akageukia benchi la mbele. Alimwona mwenyekiti akiinua kalamu. Miaka kumi na minne bila kosa, na kosa limekuja leo, kwenye kitu chepesi kama kusoma majina. Akainama mbele, akanong'ona, akisahau kwamba kipaza sauti kipo pale pale:

"Ndeshi, umemruka Mzee Aminieli."

Mtoto akageuka. Alikuwa amekwisha kutokwa na machozi, lakini sauti haikutetemeka.

"Sijamruka, Mwalimu. Amepona. Yule pale nyuma, tumekuja naye."

Kanisa zima likageuka kwa pamoja, mabenchi yakalia. Na kweli, pale nyuma karibu na mlango, mahali pa watoto wa kati ambapo hakuna mtu anayepatazama, alikuwa amekaa Mzee Aminieli, koti limefungwa vifungo vyote. Akasimama kwa miguu yake miwili, wala hakushika benchi.

"Mguu ulipona ndani ya miezi minne," akasema. "Huu ni mwaka wa tatu. Kila Jumapili nipo shambani kwangu nakata majani ya ng'ombe, nasikia kwenye vipaza sauti vyenu mnaniombea. Nilikuwa naitikia amina. Nikasema nitarudi siku atakayekuja mtu wa kanisani kunijulia hali. Wamekuja hawa."

Katibu aliangalia viatu vyake. Mchungaji, tena mchungaji hasa, aliangalia viatu vyake zaidi. Mwenyekiti akainuka na daftari lake, na Aikande akajua yamekwisha. Lakini yule mwenyekiti mpole hakumwendea Aikande, alikwenda kwenye kile kibao, akamwuliza Ndeshi kama hayo majina mengine nayo wameyafuata.

Wakasogea wote tisa, kila mmoja na lake. Walikuwa wameigawa orodha, vikundi viwili vya wanne wanne, na Ndeshi akienda huku na huku. Wamefika nyumba nane. Bibi mmoja alihamia kwa binti yake Arusha tangu mwaka juzi. Baba mwingine anaumwa kweli, na anachotaka ni mtu wa kumsomea Biblia kwa sababu macho yamekataa. Wanamsomea zamu zamu, wamefika Kutoka sura ya kumi na sita. Mama mmoja alikuwa anashindwa kuteka maji, sasa wanamtekea kila Ijumaa. Na nyumba tatu bado hawajazijua, wakaomba mwenye kuzijua anyooshe mkono. Ulinyooshwa mkono mmoja tu katika kanisa lile lote.

Nilisema Aikande alikuwa na fahari. Hiyo ya kwanza ilimtoka pale pale, na ikaingia nyingine, kubwa kuliko yeye. Alilia mbele ya watu, yeye asiyelia hata misibani. Akapanda kwenye kile kibao kando ya Ndeshi, akasema, "Hawa ni watoto wangu, na hiki hawakujifunza kwangu. Jana mtoto huyu alitaka kuniambia, nikamnyamazisha." Hakusema zaidi. Mwenyekiti akalifunga daftari, na suala la kuunganisha madarasa halikutajwa tena katika usharika ule.

Sasa tuje kwetu sisi.

Sisi tuna watoto wa kati. Nawaona kutoka hapa juu, na nataka mjue kwamba naona fahari nikiwatazama. Lakini tumewafanyia nini? Tumewanunulia soda siku ya Krismasi. Tumewapa mashairi tuliyoandika sisi, wayaseme kwa sauti zetu, halafu tunashangaa wakitimiza miaka kumi na tatu hatuwaoni. Mtu gani atabaki mahali ambapo hahitajiki? Wewe ungebaki? Walimu wetu wa watoto, nawaheshimu, nyinyi mnafanya kazi tunayoikwepa wengine. Cheza nao, wagawe vikundi, weka kasanduku ka maswali, yote ni mema. Ila swali likitoka kwenye kasanduku, lijibu hata kama linakuchoma. Na kazi ya kweli isibaki kwenye daftari. Wapokee wageni mlangoni. Wasome neno kwenye ibada zetu zote, tusingoje Mikaeli. Waende kwa wagonjwa, na mtu mzima aende pamoja nao, maana watoto wa mfano huu walikwenda peke yao, na hiyo si sifa kwa wakubwa wao.

Tena msije mkadhani nawasema nyinyi tu. Karatasi ya matangazo ya leo ninayo hapa. Ina majina tisa ya wagonjwa. Nimeyasoma mimi mwenyewe asubuhi hii, nanyi mkaitikia amina kwa sauti nzuri sana. Jina la tano, nakiri mbele zenu, sijui hata anakaa upande gani wa barabara. Na nimekuwa nikilisoma tangu Pasaka.

Watoto wote wenye miaka kumi hadi kumi na mbili, simameni. Msiwaangalie mama zenu, niangalieni mimi. Njooni hapa mbele, hata nyinyi mliokwisha kufika mlangoni. Shikeni karatasi hii, ni yenu. Kuleni chakula cha mchana, na saa tisa mnikute hapa uani. Mimi nitakuja na viatu vya kutembelea, nanyi mtanionyesha njia.