Nafasi Moja, Watoto Watatu

Sogeeni, na mwenye usingizi akanawe uso. Hii mimi mwenyewe imenishinda.

Kwenye kota za polisi waliishi askari watatu, kila mmoja akilea mtoto peke yake. Koplo Sikudhani alijaliwa sikio: alitofautisha kilio cha njaa na kilio cha hofu. Sajenti Mbwiga alijaliwa jicho: akikuona ukitembea mara moja, hasahau mwendo wako. Konstebo Leokadia alijaliwa ulimi wa kumtuliza hata aliyeshika panga.

Jumamosi moja mtoto wa muuza vitunguu akaibwa sokoni. Watatu hawa walikuwa mapumzikoni. Wakaitwa ghafla, wakatoka na nguo za nyumbani.

Mbwiga akawauliza waliomwona mwizi anatembeaje, wakamwambia. "Anachechemea, bega moja juu? Namjua! Anakaa nyuma ya mashine za kusaga."

Huko milango ni mingi na mashine zinanguruma. Sikudhani akatega sikio. "Ni hapa. Mtoto analia kwa hofu."

Ndani alikuwamo mwizi mwenyewe, mama aliyefiwa, akimlilia marehemu mwanawe huku kashika kisu. Leokadia akasogea mlangoni. "Dada, najua unamlilia wako. Huyu naye ana mama anayemlilia." Mlango ukafunguliwa.

Mji mzima vigelegele! Lakini subirini. Pale kota, ukiona sare imeanikwa kambani, ujue mwenyewe yuko nyumbani. Siku ile sare zote tatu zilikuwa kambani. Kila askari aliona sare ya jirani, akamwingiza mwanawe kwa jirani huyo bila kuchungulia ndani, akakimbia. Kumbe jirani naye keshaondoka! Waliporudi, watoto walikuwa peke yao katika nyumba zisizo zao, na wa Leokadia kaungua mkono kwenye jiko la Mbwiga.

Halmashauri ikaona aibu. Ikasema italipia mtoto mmoja kwenye kituo kinacholea usiku na mchana. Mmoja tu, ndiyo bajeti.

"Wangu ndiye aliyeungua," akasema Leokadia.

"Wangu bado ananyonya," akasema Sikudhani.

"Nyie mna mama zenu kijijini, mnaweza kuwaita waje kuwasaidia," akasema Mbwiga. "Mimi sina mtu."

Akaulizwa muuza vitunguu. Akalia. "Angekosekana mmoja wao, leo ningekuwa matangani. Mimi nitachaguaje?"

Kichwa kinaniuma, jamani. Nikimpa mmoja, wale wawili wakiitwa tena watasitasita mlangoni, na sitawalaumu. Na mtoto atakayeibwa siku hiyo huenda akawa wako.

Haya, wewe ungempa nani?