Fremu ya Mama

Jicho la mbali humwona tembo, halimwoni mama.

Nimewasikia asubuhi mkimrushia Lusajo maneno hayo, alipotoka mjini na lenzi ya kukodi kwa ajili ya safari yenu ya Matema. Mmecheka sana. Sasa mnaniuliza methali hii imetoka wapi, mkidhani wahenga ndio walioisema. Wahenga hawamo. Imetoka kinywani mwangu, katika ua huu huu, na laiti ningeweza kuirudisha, ningekuwa nimekwisha kuirudisha zamani. Kaeni. Lusajo, weka kamera chini, haitakimbia.

Chanzo ni msiba wa baba yangu. Hapa kwetu, marehemu akipelekwa kaburini, mjukuu wa kwanza hutangulia mbele ya jeneza akiwa amebeba picha yake, ili watu wamuage wakiuona uso. Baba alikuwa hajapigwa picha ya maana hata moja. Tukamzika na msalaba peke yake. Mnawajua watu wa msibani: wanakula chakula chako na kukusema papo hapo. Watoto wamesoma, baba hana picha! Mama aliyasikia yote, akayameza. Matanga yalipokwisha alikwenda sokoni, akanunua fremu ya mbao yenye kioo, akaitundika sebuleni ikiwa tupu.

"Mimi hamtanizika hivyo," akasema.

Mwaka uliofuata kaka yangu Ambakisye, huyo babu yenu wa Dar es Salaam, alikuja likizo na kamera. Aliinunua kwa mtu. Kamera yenyewe ilikuwa nzima, ila lenzi ilikuwa imeota ukungu ndani, kila picha inatoka kama imepigwa jikoni kwenye kuni mbichi. Akatangaza kwamba atakodi lenzi nyingine na kutupeleka sote Ruaha kuona wanyama. Mama hakuuliza habari za wanyama.

"Kamera hiyo itanipiga na wajukuu zangu?" aliuliza.

"Hata mara mia, Mama."

Mama akafua kitenge chake cha buluu, akakipiga pasi ya mkaa, akakiweka kwenye mfuko wa peke yake kisije kikakunjamana.

Siku ya safari tulipitia Mbeya mjini kwa Fundi Sanga, aliyekuwa na studio ya picha na kukodisha vifaa. Akaweka lenzi mbili juu ya meza. Moja fupi, inaenea kiganjani. Nyingine ndefu kama chupa ya chai.

"Mnakwenda kumpiga nani?" Fundi akauliza.

"Simba na tembo," akajibu Ambakisye.

Fundi akamtazama Mama, ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi na mkoba mapajani. "Na watu?"

"Watu watakuwepo tu."

"Basi kaka, chukua hii fupi. Hii ni ya kazi zote. Ukiivuta inakuletea mlima, ukiirudisha inachukua familia nzima ikiwa mezani. Tembo atatoka mdogo kidogo, lakini atatoka. Hiyo ndefu itakuonyesha kope za simba, ila mtu akiwa chini ya hatua tatu haimshiki kabisa. Anakuwa ukungu."

"Hiyo fupi ni ya kupigia harusi. Wenzangu kazini wamejaza kuta picha za wanyama, mimi nirudi na picha ya dada yangu anakula wali?"

"Chukua zote mbili, basi."

"Moja inatosha. Sitaki mizigo."

Akacheka. Na mimi nikacheka, hilo nataka mlijue. Mama alisikia kila neno pale kwenye benchi. Wala msiniulize kwa nini sikumpiga mimi kwa simu. Simu yangu ya siku zile ilikuwa na tochi tu.

Tulipofika Ruaha, asubuhi ya kwanza Mama akavaa kitenge chake. Ndani ya gari alikaa na Tumpe, mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa Ambakisye mwenyewe. Ninyi mnamwita Shangazi Tumpe. Alikuwa na miaka kumi hivi. Mama akamgusa Ambakisye begani. "Tupige basi, mimi na Tumpe."

"Uko karibu mno, Mama. Tukishuka."

Tukashuka mahali panaporuhusiwa wageni kushuka, kando ya mto. Mama akawapanga wajukuu mwenyewe, wadogo mbele, wakubwa nyuma, Tumpe ubavuni kwake. Ambakisye akaweka jicho kwenye kamera.

"Naona pua tupu. Rudini nyuma."

Wakarudi. Goti la Mama lilikuwa bovu, kila hatua anaiomba.

"Rudini tena."

Wakarudi mpaka miiba ikawagusa migongoni. Mwongoza wageni akapaza sauti, "Bibi, hapo mwisho! Huko nyuma si salama."

"Bado hamwenei," akasema Ambakisye.

"Si urudi wewe?" nikamwambia.

"Nikirudi nitapoteza nafasi hii ya mtoni. Wanasema tembo hutokea hapo ng'ambo."

Akasema kweli, wakatokea. Ambakisye akatugeuzia mgongo, tukabaki kusikia kamera ikilia kwa-kwa-kwa. Mama akaendelea kusimama vilevile, mkono begani kwa Tumpe, ametabasamu tayari. Alisimama hivyo mpaka tabasamu likachoka lenyewe.

"Sekela, nishike mkono nikakae," akaniambia. "Mwache ampige tembo. Tembo hana mjukuu wa kumbebea picha, lakini mwache apigwe."

Jioni Ambakisye akasema, "Kesho, Mama." Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri, na lenzi ilitakiwa Mbeya kabla studio haijafungwa. Tulipoirudisha, Fundi Sanga aliuliza kama mama alitoka vizuri. Ambakisye akamjibu, "Atatoka siku nyingine."

Mama alifariki kabla masika hayajaisha. Kifua kilimbana siku nne tu.

Ambakisye akafika na bahasha ya picha alizosafisha Dar es Salaam. Nilizimwaga zote kitandani kwa Mama. Tembo anakunywa, tembo anajirushia vumbi, tembo na mwanawe. Nilizipitia mara mbili, nikidhani labda nimeruka moja. Tulimpelekea Fundi Sanga kadi ya Mama ya mpiga kura aikuze, uso ukageuka madoa. Yule mzee hakutulaumu. Aliuliza tu, "Ni yule mama aliyekaa kwenye benchi?"

Siku ya kuzika, ua ulijaa mpaka barabarani. Mzee wa kanisa akaita, "Mbeba picha aje mbele." Tumpe akatoka, gauni jeupe, mikono ameitanguliza mbele. Hakuna aliyempa kitu. Nikamwona Ambakisye anatoka ndani na ile fremu ya Mama, ndani yake ameweka picha ya tembo aliyempiga siku ile tukiwa garini. Akanionyesha ukingoni, penye wingu dogo la buluu.

"Yupo hapa, Sekela," akanong'ona. "Hii buluu ni kitenge chake. Ni yeye huyu."

Nikamnyang'anya fremu. Nikaitoa ile picha mbele za watu, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Jicho lako la mbali lilimwona tembo, halikumwona mama!"

Tumpe akatangulia mbele ya jeneza na mikono mitupu, bado ameinyoosha, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia aishushe.

Waombolezaji walizika, wakala, wakaondoka na maneno yangu. Haukupita mwezi nikayasikia sokoni, mwanamke akimsema mwanawe anayewanunulia rafiki zake bia mjini huku mama yake analala panapovuja. Wakayanyoosha kidogo yakae kama methali. Leo mnataniana nayo mkiwa mnakunywa chai.

Ambakisye hajakanyaga ua huu tena. Watu husema nilimpa haki yake, na kwa miaka mingi nami nilisema hivyo. Lakini mimi nilicheka naye pale dukani. Na siku ile, kosa lake la Ruaha nililiona mpaka kope zake. Kwamba alikuwa mtoto aliyefiwa na mama, amesimama hatua mbili kutoka kwangu, hilo sikuliona. Nilikuwa na mama mmoja na kaka mmoja. Nikawazika kwa siku moja.

Ile fremu mnayouliza kila Krismasi kwa nini imetundikwa tupu, ndiyo hiyo. Vumbi lake nalifuta mwenyewe.

Haya, nendeni mkafungashe. Lusajo, sikuulizi umekodi ipi. Wewe unaijua, na methali unayo: jicho la mbali humwona tembo, halimwoni mama.