Ubao wa Uwanja wa Ramboni

Alhaji Kitwana, tajiri wa Ramboni, alikuwa ameapa hatoi hata tofali kujenga uwanja wa mpira. Asubuhi moja Bi Mashavu, mlezi wa timu, akapita dukani kwake amebeba ubao mkubwa: UWANJA WA CHAUREMBO.

Alhaji akaruka kitini. "Chaurembo, tajiri wa Msolwe? Mji wa kufungwa kila Jumapili, leo jina lake likae kwetu?"

"Anayejenga ndiye anayeandikwa, Alhaji. Wewe si ulikataa?"

"Nani kakataa? Najenga mimi, na majukwaa naezeka!" akafoka mbele ya wateja wote, akapiga simu lori la saruji lije saa ileile. "Haya, geuza ubao huo, uandike jina langu!"

Bi Mashavu akaugeuza. UWANJA WA ALHAJI KITWANA, na rangi ilishakauka tangu juzi.